Simu Ndani ya Kiondo

Miaka minne niliutazama mpira wa Kimarekani na sikuuelewa. Sisemi hivi kwa kujivunia. Mwanangu aliucheza chuoni, na kila tulipopata Jumamosi isiyo na zamu, mimi na baba yake tulipanda gari tukaenda kumtazama, na kila mara nilirudi nyumbani Gaithersburg, huku Marekani, kichwa kinaniuma. Wanaume wanagongana kwa sekunde tano, wanasimama, wanajadiliana, wanagongana tena. Mume wangu, ambaye hapendi ijulikane kwamba kuna jambo asilolijua, alipiga makofi wakati wowote jirani yake alipopiga. Mimi nilimtafuta mmoja tu kati ya wale wote waliovaa kofia ngumu, na akiinuka baada ya kuangushwa, kwangu mchezo ulikuwa umeisha vizuri.

Kazi yake uwanjani nilikuja kuielewa kidogo. Alikuwa anamwandama mtu wa timu nyingine popote anapokimbilia, na kuhakikisha hadaki mpira. Nilimuuliza kama kweli kuna mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kumfuata mwenzake hivyo.

"Wachache sana, Mum," akasema. "Ndiyo maana nafanya mazoezi."

Hakuwa msemaji. Tangu akiwa darasa la sita aliamka kabla yetu, akavaa viatu gizani, akatoka kukimbia, theluji iwepo isiwepo. Hatukumwambia afanye hivyo. Mimi kwetu ni Nyandarua, kwenye viazi na baridi, na ninajua mtu anayeamka mapema kwa kulazimishwa anavyofanana. Yeye hakufanana hivyo.

Likizo fupi alikuja na wenzake wanne wa timu, nami nikawapikia. Mmoja alikuwa mkubwa kupita mlango wetu, na alikula chapati kumi na moja kwa kikao kimoja, nilizihesabu. Wa pili alikuwa mwembamba, mkimbiaji, hagusi nyama. Wawili wa mwisho walitembea pamoja kila mahali hata nikawaita mapacha, ingawa mmoja ni mweusi kama mimi na mwenzake ni Mzungu wa nywele nyekundu. Walijifunza kuniambia "asante sana" na kupeleka sahani jikoni. Niliwapenda wote watano kama niliwazaa mimi, na wakati mwingine niliwagombeza hivyo hivyo.

Mwaka wao wa mwisho tukaambiwa timu za kulipwa zinawatazama wote watano. Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza rasmi. Walimpeleka mwanangu mahali wakampima urefu, uzito, mbio, mabega, na upana wa kiganja. Kiganja! Kisha mtu wa timu moja akanipigia simu nikiwa kazini, akaniuliza kama mtoto alikuwa na hasira utotoni, kama babu yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na kama nyumbani tunafuga mbwa. Kwetu maswali kama hayo huulizwa na upande wa bwana harusi, tena kwa adabu, baada ya chai. Nilimjibu kwamba babu yake yuko hai, analima, na mbwa hatuna kwa sababu nyumba ni ndogo. Akanishukuru sana. Sijui mpaka leo aliandika nini.

Mtu aliyejaribu kunieleza jambo lenyewe ni mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Takoma Park, dereva wa basi mstaafu, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia lakini kichwa kilikuwa bado kiko kazini. Mimi nilidhani hii wanayoiita draft, siku timu za kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo, ni kama zamani tulivyochaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Aliyepata alama za juu anaitwa na shule kubwa, anayemfuata anaitwa na shule inayofuata, na kuendelea hadi kwa sisi tulioitwa na shule ya karibu na nyumbani.

Mzee akacheka hadi akakohoa. Akaniambia ni kinyume. Timu iliyoshika mkia mwaka uliopita ndiyo ya kwanza kuchagua.

"Kwa hivyo kijana hodari kuliko wote anapelekwa kwa timu mbovu kuliko zote?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Na anashukuru?"

"Analia kwa furaha, na mama yake analia zaidi," akasema.

Nililipeleka hilo kwa Pasta wetu nikitaka anisaidie kushangaa, lakini yeye alifurahi mno, na Jumapili akalihubiri: wa mwisho watakuwa wa kwanza. Nikabaki na mshangao wangu peke yangu.

Mzee aliniambia pia kwamba uchaguzi huchukua siku tatu, raundi saba. Siku ya kwanza huitwa wale ambao kila mtu anawajua. Wakala wa mwanangu, yaani yule mwanamume aliyesimamia mambo yake na timu, alikuwa amemwambia atarajie siku ya tatu, Jumamosi, labda raundi ya sita. Nikaona ni heri. Jumamosi watu wetu wengi hawana zamu ya mchana, tunaweza kukaa pamoja, tule, tuombe, na jina likitajwa tupige vigelegele kama watu.

Sasa lazima nieleze habari za kiondo. Ushirika wetu wa nyumbani hukutana kila wiki mbili, nyumba hii na ile, Wakenya watupu, wengi wao manesi na wahudumu wa wazee, watu wanaotoka zamu moja kuingia nyingine. Mwaka mmoja tulikuwa tukiwaombea wafiwa, mjane amepiga magoti katikati yetu, na simu ya mtu ikaanza kupiga wimbo wa densi. Mwenyewe akaitafuta mfukoni, akaikosa, wimbo ukafika kwenye kiitikio. Nilikasirika sana. Mkutano uliofuata nilikuja na kiondo cha mkonge alichonisukia mama yangu, nikasimama mlangoni, na kuanzia siku hiyo hakuna maombi yanayoanza kabla simu zote hazijaingia kiondoni, na kiondo hakijapelekwa chumbani na mlango kufungwa. Mtu akichelewachelewa, nasimama mbele yake nakitikisa. Pasta mwenyewe hutia yake. Nesi mmoja aliwahi kuniambia yuko on call, hospitali yaweza kumwita wakati wowote; nikamwambia hata Mungu yuko on call. Watu walicheka, naye akaitia. Nilijivunia jibu hilo kwa muda mrefu.

Alhamisi jioni nilikuwa kwa mzee, tukitazama siku ya kwanza. Yule mla chapati aliitwa. Alipanda jukwaani na suti ya rangi ya zambarau, akapewa kofia ya timu, nami nikapiga ukelele uliomwamsha paka wa jirani. Mzee akanipa mkono kana kwamba nimezaa. Ijumaa akaitwa yule mwembamba. Niliwatumia wote wawili ujumbe, nao wakajibu "asante sana, Mama", na mimi nikalia kwenye maegesho ya kazini.

Jumamosi nyumba ilijaa. Mume wangu alikuwa ameenda na rafiki yake wa Unguja hadi upande wa Manassas kutafuta mbuzi kwa wachinjaji anaowaamini huyo rafiki, na alirudi akitembea kama mtu aliyemwinda mwenyewe. Tulipika pilau, mukimo, chapati, nyama. Viti tuliazima kanisani. Mwanangu alikaa katikati ya kochi, shati jeupe nililolipiga pasi mimi, simu juu ya goti lake ikiwa kwenye chaji. Kabla ya maombi ya kufungua, saa sita mchana, nilizunguka na kiondo kama kawaida, na nilipofika kwake nikamruka. "Wewe baki nayo," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie kwamba nina busara. Watu wakasema amina.

Basi mchana kutwa hatukuitazama runinga, tuliitazama ile simu. Mara ya kwanza iliita saa nane. Watu thelathini wakasimama. Mwanangu akaipokea, akasikiliza, akaitua. Ilikuwa ni mashine inayouza bima ya gari. Mara ya pili alikuwa shangazi yake kutoka Nyahururu anayeuliza kama tayari ameitwa, na kama ameitwa mbona hawajaambiwa. Nilimnyang'anya mwanangu simu.

"Wewe, hebu toka kwa hii laini!" nikamfokea. "Unataka kumziba mtoto njia?"

Nilimrudishia simu kwa mikono miwili, kama kikombe cha meza ya Bwana.

Raundi ya nne pacha mwenye nywele nyekundu akaitwa. Raundi ya sita akaitwa pacha mwenzake. Kila mara mwanangu alisimama, akawapigia, akacheka nao, akawaambia mambo ya vijana ambayo siyajui. Baada ya yule wa pili alienda bafuni na kurudi uso umelowa maji. Nilimuuliza kama yuko sawa. "Niko sawa," akasema. Wanne kutoka chuo kimoja! Watangazaji wakakisifu chuo, wakaonyesha picha ya kocha. Mimi nilikuwa nafurahi na kuogopa wakati ule ule, na sikujua uso wangu uonyeshe lipi.

Raundi ya saba ilienda haraka. Majina yalitajwa kama mtu anayesoma orodha ya wanafunzi akiwa na njaa. Kisha wakamtaja kijana wa mwisho kabisa, wakamshangilia kwa utani, muziki ukapigwa, na mtangazaji akatuaga.

Mume wangu akauliza, "Ndiyo imekwisha?"

Watu walikuwa wanatazama mapaja yao. Mwanangu alikuwa anaitazama simu. Mimi nilianza kulia, na si kilio cha adabu, kile cha kwetu, kinachotoka chini. Pasta akasimama, kwa nia njema, najua ilikuwa nia njema, akasema, "Ndugu zangu, tumshukuru Mungu kwa yote. Tumwombee kijana wetu."

Na mimi nikasimama nikachukua kiondo. Hakuna aliyenituma. Mikono yangu ilijua kwamba yakija maombi, kiondo kinazunguka. Nilizunguka nikilia, simu zikaingia, na nilipofika kwenye kochi mwanangu aliinua macho akanitazama. Hakusogea. Mara hii sikukumbuka kumruka. Nilikitikisa kiondo. Akachomoa simu kwenye chaji, akaiweka ndani, na ilipokuwa ikilala juu ya zile nyingine nikaona mwanga, au nadhani niliona mwanga, sikujua ni wa simu gani. Nikapeleka kiondo chumbani, nikakiweka kitandani, nikafunga mlango.

Pasta aliomba kwa moyo wake wote. Aliomba kwa ajili ya kijana, chuo, taifa hili na lile tulikotoka. Mama mmoja akadakia kwa wimbo, wimbo ukazaa ushuhuda. Mwanangu alikuwa amepiga magoti kando yangu akinishika kiwiko. Kisha mtu akasema chakula kinapoa, tukala kwanza, maana wageni hawawezi kukaa na njaa kwa sababu ya huzuni ya mwenye nyumba. Zilipita dakika kama arobaini kabla sijakileta kiondo.

Alichokifanya mwanangu baada ya hapo ndicho kilichonivuruga zaidi. Alisoma simu yake, akaitia mfukoni, akamaliza pilau yake, akasuuza sahani. Akatoka nje hadi kwenye maegesho. Nilimwona dirishani akizungumza, mkono mmoja kichwani. Akarudi, akaanza kukunja viti vya kanisa. Ni baba yake aliyemshika bega na kumuuliza kuna nini, naye akaeleza kwa sauti tulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni barabara.

Alisema jina la mwisho likishatajwa, ndipo timu huanza kuwapigia walioachwa. Haraka sana, ndani ya dakika. Kila timu ina nafasi chache za kujaza. Timu moja ilimtaka. Walimpigia mara mbili, wakala akapiga mara kumi na moja, wakitaka wasikie neno moja kutoka kinywani mwake, ndiyo. Walikuwa na kijana mwingine kwenye laini ya pili. Yule alipokea, nafasi ikawa yake.

"Wakati wa maombi?" mume wangu akauliza.

"Wakati wa maombi," akasema, na kukunja kiti kingine.

Pasta alikaa chini. Mwishowe mama mmoja, mtu mwema, mwenye umri wa dada yangu mkubwa, akanishika mkono akaniambia, "Maji yakimwagika hayazoleki, dada." Nilitaka kumpiga. Aliyemwaga maji alikuwa mimi, na kila mtu mle sebuleni alijua, na kila mtu alikuwa anaangalia pembeni.

Jumatatu nilirudi kwa mzee. Aliponiona tu akaniuliza ni timu gani iliyompigia kijana baada ya raundi ya saba. Kwa hiyo hata yeye alijua. Kila mtu Marekani alijua isipokuwa sisi. Nilimsimulia habari za kiondo huku nikimvalisha soksi. Hakucheka na hakunilaumu. Alizima runinga, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla ya saa za kulala, na akaomba chai.

Wiki ile chuo kikatoa picha kwenye ukurasa wake. Vijana wanne wameshika jezi zao mpya, mla chapati katikati, mapacha wamekumbatiana. Niliitazama picha hiyo kwenye basi, nikaikuza kwa vidole, kana kwamba wa tano angeweza kuwa nyuma yao. Niliwafurahia na niliwaonea wivu, watoto niliowapikia mwenyewe, na nilijichukia kwa wivu huo.

Na watu wakaanza kutupa maelezo. Wa kwanza akasema Mungu amemwepusha, mchezo ule unavunja vichwa, wangapi wamesahau majina ya watoto wao? Wa pili akasema mlango mmoja ukifungwa mwingine unafunguka. Lakini maelezo tuliyoyashika mimi na mume wangu ni yetu wenyewe. Yalianzia kwake, tukiwa tunatandika kitanda.

"Kijana alijua," akasema. "Sisi hatukujua, lakini yeye alijua watapiga. Wakala alikuwa amemwambia. Sasa kwa nini aitie simu kiondoni?"

"Kwa nini?" nikauliza.

"Labda hakutaka."

Nilisimama na shuka mkononi. Labda hakutaka! Labda alikuwa amechoka na kugongana na hakujua atuambie vipi, akaona kiondo kinapita, akaona ni njia ya Mungu. Lilikuwa wazo la ajabu na lilinipoza kama maji. Lakini nikikumbuka viatu vile vinavyovaliwa gizani, halishikiki tena. Kwa wiki tatu nililishika na kuliachia, nikalishika na kuliachia. Nilikuwa nikimtazama akila uji nikijaribu kusoma usoni mwake kama ana amani au amekufa ndani. Vyote viwili vina uso mmoja. Kila asubuhi nilimwambia pole, naye akasema asante.

Kisha wakala akampatia majaribio ya siku tatu na timu nyingine, mbali, magharibi. Bila mkataba. Unaenda, unakimbia, wanakuangalia, wanakwambia. Alifunga begi dogo akaenda. Mimi nilifunga kula siku zote tatu, na nilifanya hivyo bila kumwambia Pasta, kwa sababu bado nilikuwa na hasira naye na nilijua kwamba hasira hiyo si haki yake.

Nilienda kumpokea uwanja wa ndege wa Dulles alasiri. Alitoka na kofia ya kitambaa ya ile timu, waliyowapa wote, na begi lile lile. Alinikumbatia. Sikuuliza lolote hadi tulipofika kwenye barabara kuu ya 270, pale magari yanaposimama bila sababu, na nikajua tutakaa pale.

"Walisemaje?" nikauliza.

"Walisema thank you."

"Basi?"

"Walisema mimi ni mzuri. Lakini nafasi walizijaza siku ile ya draft, Mum. Wako na watu tayari."

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Nikamwambia kuna jambo nataka kumuuliza, na asinijibu kama anayemjibu Pasta. Akasema sawa.

"Simu yako ilipoingia kiondoni niliona mwanga. Ilikuwa yako?"

Magari ya mbele yakasogea hatua moja, nami nikasogea.

"Ilikuwa inaita, sauti niliizima Pasta aliposimama," akasema. "Niliona number."

"Ulijua ni timu?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukushika?"

"Ulikuwa umesimama mbele yangu unalia. Halafu ukatikisa kiondo." Alisema bila ukali wowote, na heri angekuwa mkali. "Watu wote walikuwa wanatuangalia. Nilidhani itakuwa dakika tano."

Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mama akisema, ndiyo mwisho. Nilimfundisha hivyo kwa upole na kwa kofi, na wageni walinisifu. Lakini bado nilikuwa na lile wazo letu la kitandani, nikalitoa, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika.

"Baba yako na mimi," nikasema, "tulifikiri labda wewe hukutaka."

Akageuka akanitazama kana kwamba nimemwambia si mwanangu.

"Nilitaka," akasema. "Mum, nilitaka sana."

Akavua ile kofia akaufunika uso wake nayo, na mabega yake, yale mabega waliyoyapima kwa futi, yakaanza kutikisika. Sikuwa nimemwona akilia tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Hata siku ile hakulia, nililia mimi, nililia kwa ajili ya watu wote.

Neno la kwanza lililonijia mdomoni ni kwamba Mungu ana mpango. Nikalimeza. La pili lilikuwa pole, na hilo nilikuwa nimelisema kila asubuhi kwa wiki tatu, kana kwamba aliyemuumiza ni mtu mwingine. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha. Mama yangu hakuniomba mimi, na mama yake hakumwomba yeye, na kwa kweli sikujua sentensi yenyewe inaanza vipi.

"Nisamehe," nikasema.

Gari la nyuma likapiga honi. Njia ilikuwa imefunguka mbele yetu na mimi sijaona.

"Endesha, Mum," akasema, uso ukiwa bado ndani ya kofia.

Nikaendesha. Tulifika nyumbani akiwa bado hajanijibu.